Neno "Uchambuzi" na Mabaki Yasiyoguswa

Makala haya yanahusu neno moja, nalo ni "uchambuzi". Tumelizoea mno hata hatulisikii. Hapa Makongeni, Thika, ninakokaa, kila jioni akina mama sokoni huchambua terere na managu: jani hutengwa na bua, na kilichochambuliwa hakirudi tena kuwa mche. Kitenzi hicho ndicho kilichotupa istilahi ya kazi ya wanasayansi, na ya wahakiki vilevile. Mkabala nao hukaa muuza matikiti. Yeye hugonga tunda kwa kidole, akatega sikio, akakuambia limeiva au bado. Hakulikata. Je, naye amechambua?

Swali hili si la mzaha, kwani liko tawi zima la sayansi lifuatalo njia ya muuza matikiti. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walielekeza miali ya eksirei kwenye picha ya nyasi iliyochorwa na Vincent van Gogh mwaka 1887. Kila elementi ikipigwa na miali hiyo hutoa nishati yake mahsusi. Kwa kufuata zebaki na antimoni zilizomo katika rangi za chini, wakauona uso wa mwanamke ambao mchoraji alikuwa ameufunika. Rangi ya juu haikukwanguliwa.

Lakini mfano ulio wetu ni wa pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2017 wanaakiolojia walifukua humo, kiasi cha mita 3 chini ya sakafu ya sasa, shimo lenye mifupa iliyooza mno; kuigusa ni kuisaga. Wakalifunika bonge zima la udongo kwa plasta, wakalipeleka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na hatimaye likafika Burgos, Hispania. Huko lilipigwa picha za eksirei kutoka pande zote, na kompyuta ikaziunganisha zikawa mithili ya vipande vyembamba vya mkate ambao haukukatwa. Ikadhihirika kuwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi fuvu lilivyoinama yadokeza kuwa kichwa kiliegemezwa juu ya mto uliokwisha kuoza, na mabega kufungwa katika kitu mfano wa sanda. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: maziko ya miaka 78,000 hivi, ya kale kuliko yote ya binadamu yajulikanayo barani Afrika. Jina alilopewa ni la Kiswahili: Mtoto.

Mto na sanda havipo tena. Mpangilio wa mifupa pekee ndio uliovitaja. Lau ungalichambuliwa mfupa mmoja mmoja, habari hiyo ingalipotea milele. Hata hivyo tusitie chumvi. Baadhi ya udongo uliondolewa kwa mkono maabarani, na umri ulipatikana kwa kupima chembe za mchanga zilizotolewa pangoni. Hapo kuchambua kulikuwako.

Napendekeza basi "uchambuzi" ubakie kwa kazi ya kutenganisha, nayo kazi ya miali iitwe "uchunguzi usioharibu". Wapo wenzangu watakaosema istilahi hiyo ni ndefu, na kwamba "uchunguzi" pekee watosha. Hautoshi, mpasua maiti naye huchunguza, na kisu ki mkononi.