Fungua dirisha la matatu, linda mapafu

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika steji ya Njoro na baridi inauma. Matatu ya abiria 14 inajaa upesi wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi wanaoelekea Nakuru. Gari linapong'oa nanga, abiria mmoja anafungua dirisha. Mara sauti kutoka nyuma inamkemea: "Funga hapo! Unataka mtoto apate nimonia?" Dirisha linafungwa, na safari inaendelea hivyo hadi mjini.

Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwaka wa 2021, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Si ajabu basi kwamba abiria wake huogopa upepo wa alfajiri. Lakini je, upepo huo ndio uletao nimonia?

La. Nimonia huletwa na viini vinavyoingia kwenye mapafu, na vingi hutoka kwa mtu anayekohoa au kupiga chafya karibu nawe. Watu wanapobanana mahali pasipopitisha hewa, viini hivyo hupata nafasi nzuri ya kuenea. Kwa hivyo, anayefunga dirisha ili kumkinga mtoto huenda anamweka hatarini zaidi.

Ugonjwa wa kuogopwa hasa katika hewa kama hiyo ni kifua kikuu. Mgonjwa ambaye hajaanza matibabu anapokohoa, hutoa matone madogo yasiyoonekana kwa macho, ambayo huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, kushika kiti wala kupokezana pesa za nauli. Huambukizwa kwa hewa tunayovuta.

Hebu piga hesabu. Anayesafiri nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku sita kwa wiki, hukaa garini saa sita kila wiki, akivuta hewa iliyotoka kwa wenzake.

Hata hivyo, usiwe na hofu kupita kiasi. Kati ya watu 100 walioambukizwa viini vya kifua kikuu, ni kati ya watano na kumi ambao huja kuugua maishani. Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo, watu wenye virusi vya Ukimwi, wenye ugonjwa wa kisukari na wasiopata lishe bora.

Abiria afanye nini? Kwanza, madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe, hata kama ni kwa upana wa vidole vinne tu, ili hewa ipite. Mama mwenye mtoto aketi mbali na dirisha na amfunike mtoto kwa kofia na shali. Anayekohoa azibe mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko.

Utingo naye aache mlango na madirisha wazi gari linapongoja abiria kwenye steji, kwa maana gari lililosimama halipati upepo wa mwendo.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitalini ukapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali, dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Usiache katikati kwa sababu umepata nafuu, maana viini vilivyobaki huweza kuwa sugu.

Wakati wa Korona mwaka wa 2020, matatu hizi ziliagizwa kubeba abiria wanane tu, na kuacha madirisha wazi halikuwa jambo la kugombaniwa. Siku hizi abiria wamerudi kujaza viti vyote 14. Madirisha nayo yasifungwe. Kesho ukikemewa, mweleze mwenzako kwa upole kwamba baridi hutulizwa na sweta, lakini hewa chafu haizuiliwi na nguo yoyote uliyovaa mwilini.