Mwanao Anapokusanya Ndege za Vita

Mama msomaji, utafanyaje ukimkuta mwanao wa miaka 12 amepanga dirishani ndege za vita? Moja ya waya, nyingine ya mabua ya mtama, ya tatu ya kopo la maziwa. Chini ya bawa la mojawapo amening'iniza kijiti alichokipaka rangi nyeusi, naye anakuambia kwa furaha kwamba hilo ni bomu la atomiki.

Wapo kati yetu ambao wangezitupa jalalani. Wapo ambao wangecheka na kuendelea kupepeta mchele. Sisi tunaoshughulika na watoto hapa Kiseke, zahanati siku za kazi na kanisani Jumapili, tunaona ipo njia ya tatu.

Watoto wa Kiseke hawawezi kukosa kupenda ndege. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko humuhumu wilayani kwetu Ilemela. Mtoto hutazama juu, kisha huokota visoda na kandambili chakavu kutengeneza magurudumu. Huko Ulaya, Marekani na Japani hata watu wazima wanaupenda mchezo huu. Viwanda kama Airfix cha Uingereza na Tamiya cha Japani huuza maboksi yenye vipande vya plastiki, mtu akavibandika kwa gundi na kuvipaka rangi mpaka akapata mfano kamili wa ndege ya zamani. Kila kitu hupunguzwa kwa kipimo kimoja. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 72, yaani sentimita 1 ya mfano ni sentimita 72 za ndege yenyewe.

Faida zake hatuzikatai. Mtoto hujifunza hesabu, uvumilivu na kutumia mikono yake. Lakini yako mambo ambayo kipimo hicho hakiwezi kuyaonyesha.

JINA LA MAMA

Tuchukue ndege mojawapo inayopendwa na wakusanyaji, B-29 iitwayo Enola Gay. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ilikuwa mita 43. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 ni kama sentimita 60, inajaza meza ya sebuleni. Bomu lake liliitwa Little Boy, yaani Mvulana Mdogo. Lilikuwa na urefu wa mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 4. Katika mfano linakuwa na sentimita 4 na kidogo tu, fupi kuliko kidole chako cha mwisho.

Na jina la ndege lilitoka wapi? Rubani wake, Paul Tibbets, aliipa jina la mama yake mzazi. Akina mama, hebu tulitafakari hilo. Jina la mama liliandikwa ubavuni mwa ndege ambayo tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi, ilidondosha bomu juu ya Hiroshima wakati akina mama wengine wakiwaandaa watoto wao kwa shughuli za siku.

Ndani ya bomu lile mlikuwa na urani kiasi cha kilo 64, karibu uzito wa mtu mzima mmoja. Iliyofanya kazi yote ni chini ya kilo 1. Kufikia mwisho wa mwaka 1945 kiasi cha watu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na kiasi cha 70,000 Nagasaki, mji uliopigwa siku tatu baadaye.

Tusidhani kwamba haya ni ya Wamarekani na Wajapani peke yao. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilichimbwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa hadi leo. Udongo ulikuwa wa Afrika, na mikono iliyouchimba pia.

NDEGE ILIYOKUJA MWANZA

Hata sisi wa Ziwa tuna ndege yetu ya kukumbuka. Mwezi Machi 1979, wakati wa vita dhidi ya Idi Amin, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kuupiga mji wa Mwanza. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho wakati huo kilikuwa bustani ya wanyama. Swala kadhaa walikufa na mfanyakazi mmoja aliumia kidogo. Leo Saanane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na watoto wa shule huvushwa kwa boti kwenda kutazama wanyama.

Mfano wa Tu-22 nao huuzwa ndani ya boksi. Mkusanyaji wa mbali ataisifia pua yake iliyochongoka. Mtoto wa Mwanza anastahili kujua kwamba ndege hiyo ilikuja kwetu, na kwamba mabomu yale yangeangukia mjini tungehesabu watu, si swala.

KISICHOMO NDANI YA BOKSI

Ukifungua boksi utakuta mabawa, matairi, hata rubani mdogo wa plastiki. Watu waliokuwa chini hawamo.

Sisi wauguzi tunawafikiria wenzetu. Hiroshima ilikuwa na wauguzi 1,780. Zaidi ya 1,600 kati yao walikufa au waliumia vibaya wasiweze kumhudumia mtu. Waliobaki walipokea wagonjwa ambao ngozi imechubuka, na baada ya siku kadhaa wakawaona hata wasiokuwa na jeraha wakitapika, wakinyonyoka nywele na kutoka damu kwenye fizi. Ulikuwa ugonjwa wa mionzi, na hakuna aliyekuwa amewafundisha namna ya kuutibu.

Katika makumbusho ya amani ya Hiroshima kuna baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, imeliwa na kutu. Shinichi, ambaye hakuwa ametimiza miaka 4, alikuwa akiiendesha asubuhi ile. Alikufa usiku huohuo, na baba yake akamzika uani pamoja na baiskeli yake. Ilifukuliwa mwaka 1985. Nayo ni kitu cha kuchezea, sawa na ndege ile ya dirishani.

Watu wazima nao wamegombana juu ya jambo hili. Mwaka 1995 makumbusho ya Smithsonian jijini Washington yalitaka kuonyesha Enola Gay pamoja na vitu vya waliokufa. Askari wa zamani walipinga. Walisema wenzao waliouawa na Japani, na mateso ya mataifa iliyoyavamia, yangesahaulika. Onyesho lile lilifutwa, ikaonyeshwa sehemu ya mbele ya ndege na maelezo machache. Kilio cha askari wale kilikuwa na haki yake. Hata hivyo, dawa ya kusahau wafu wa upande mmoja si kuwaficha wa upande mwingine.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, usizitupe. Kaa na mwanao umuulize: Ndege hii ilifanya kazi gani? Nani aliirusha? Nani alikuwa chini? Akishindwa la tatu, tafuteni jibu pamoja.

Pili, mpeleke kwa babu au bibi anayeikumbuka vita ya Kagera, amsimulie.

Tatu, mwongezee ndege nyingine. Madaktari wa Ndege wa Afrika Mashariki, ambao leo ni AMREF, walianza mwaka 1957 kuwafuata wagonjwa kwa ndege ndogo. Mwambie pia kwamba mionzi, ikipimwa na mtaalamu, hutibu saratani hapa kwetu Bugando.

Nne, angalia usalama. Waya wenye kutu ukimchoma, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha mpeleke zahanati waangalie chanjo yake ya pepopunda. Gundi na rangi zitumike penye hewa. Vipande vidogo viwe mbali na mtoto anayetambaa. Akiokota au kuona chuma cha vita asichokijua, asikiguse. Aite mtu mzima, nanyi mwarifu polisi.

Tano, mfundishe ndege ya karatasi. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka Hiroshima. Alionekana mzima, akawa mkimbiaji hodari shuleni, kisha akapatwa na saratani ya damu. Wajapani husema anayekunja korongo 1,000 wa karatasi hupata anachoomba. Sadako alikunja kitandani, hata kwa karatasi za kufungia dawa, mpaka alipofariki Oktoba 1955 akiwa na miaka 12.

Kiswahili chetu kina neno moja, ndege, kwa aliyeumbwa na kwa iliyoundwa. Mwanao akiuliza korongo yule akae wapi, mwambie amweke palepale dirishani, karibu na ile yenye kijiti cheusi. Na mgeni atakayeuliza, mwache mtoto mwenyewe aeleze.