Mwili Usioitwa na Jicho

Mlaze kifudifudi mtoto wa miezi mitano anayeona, kisha weka kikombe chekundu mbele yake. Atainua kichwa, ataegemea viwiko, atanyoosha mkono. Hajui kwamba anafanya mazoezi; yeye anakitaka kikombe tu. Kumbe kwa tamaa hiyo shingo, mgongo na mabega yake yanakomaa.

Mtoto aliyezaliwa haoni hana kikombe cha kumwita. Akilazwa kifudifudi mara nyingi hulalamika, na misuli yake huweza kulegea kwa kukosa kazi.

Huko Marekani, Selma Fraiberg aliwafuatilia watoto wasioona tangu uchanga, na mwaka 1977 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Wengi walikaa kwa wakati wa kawaida, lakini walichelewa kutambaa na kutembea. Sauti ya kitu waliisikia vizuri, ila hawakuinyooshea mkono mpaka walipokaribia kutimiza mwaka. Ilibidi kwanza wajifunze kwamba penye sauti pana kitu cha kushikwa.

Hilo ndilo tiba inalolifundisha. Mtaalamu wa fiziotherapia humlaza mtoto kifuani pa mama, mama akaimba. Sauti na mtetemo wa kifua humfanya mtoto ainue kichwa kumtafuta. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huifunza mikono kupapasa, kushika kijiko, kuvaa nguo.

Lilli Nielsen wa Denmark, aliyekulia pamoja na ndugu wasioona, alibuni chumba kidogo mfano wa sanduku. Mtoto hulala ndani yake huku vitu vya kugusa na kuliza vikining'inia karibu na mikono. Siri iko kwenye utulivu wa vitu hivyo: havihami. Mtoto akigonga kijiko leo, kesho atakikuta palepale, naye ataanza kutafuta kwa makusudi.

Ewe mzazi, kijiko, kifuu na funguo unavyo nyumbani. Vifunge imara mahali pamoja, usimwache mtoto peke yake navyo. Unapomwonyesha kitu, usimkamate mkono ukamvuta, kwa maana mikono hiyo ndiyo macho yake. Weka wako chini ya wake, umwachie nafasi ya kuuondoa akitaka. Umpeleke kwa wataalamu mapema, usingoje umri wa shule. Na usimbebe siku nzima kwa kumhurumia: mteremshe sakafuni, umwite kwa jina lake.