Uchaguzi wa Maswali ya Kuwapimia Wanafunzi

Mtihani ni chombo cha kupimia, sawasawa na mizani au themometa, na kila chombo kina kazi yake. Hapana daktari apimaye joto la mgonjwa kwa mizani. Lakini katika shule na vyuo vyetu aina ya maswali aghalabu huchaguliwa kwa mazoea, au kwa kuangalia siku zilizobaki kabla ya matokeo kutakiwa ofisini. Swali la msingi, yaani ni ujuzi gani unaotafutwa, huja mwisho au haliji kabisa.

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mada moja ndogo ya fizikia, kuchemka kwa maji, tuone jinsi inavyoweza kuulizwa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumtaka mwanafunzi ajaze nafasi iliyoachwa wazi: “Maji safi huchemka kwa nyuzi ........ za sentigredi.” Jibu linalotarajiwa ni 100. Swali hili hupima kumbukumbu, na kumbukumbu si kitu cha kudharauliwa. Hapana sayansi bila mambo yanayojulikana kwa moyo. Hata hivyo nyuzi 100 ni kweli kwa Tanga au Dar es Salaam, penye usawa wa bahari. Mjini Njombe, ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa huo, maji huchemka kwa takriban nyuzi 93. Basi mwanafunzi wa Njombe aliyechukua themometa akapima mwenyewe, akaandika 93, atakosa alama. Mwenzake aliyekariri kitabu ataipata. Si shida kukisia ni yupi kati yao atakayeendelea kupenda kupima.

Maswali ya kweli au si kweli yana kasoro nyingine, nayo ni ya hesabu. Karatasi ikiwa na maswali 20 ya namna hiyo, mtu asiyejua lolote, akijibu kama anayerusha sarafu, atapata 10 kwa wastani. Tena, katika kila watu wanne wa jinsi hiyo, mmoja hivi atapata 12 au zaidi, yaani asilimia 60. Kwa maoni yangu maswali haya yanafaa kuchangamsha darasa mwanzoni mwa kipindi. Katika mtihani unaoamua mustakabali wa mtoto hayana mahali.

Maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne ni imara zaidi. Mbahatishaji yule yule, akipewa maswali 20, hupata 5 kwa wastani, na wanaofikia 12 kwa bahati tupu hawatimii hata mmoja katika elfu. Lakini hesabu hiyo husimama tu ikiwa majibu yote manne yanavutia sawasawa machoni pa asiyejua. Majibu mawili yakiwa ya kuchekesha, swali limekwisha kurudi kuwa la kweli au si kweli. Ugumu wote wa utungaji umo hapo, katika majibu yasiyo sahihi ambayo watahini huyaita vipotoshi. Tazama swali hili:

Kwa nini maharage huchelewa kuiva Njombe kuliko Dar es Salaam?
A. Baridi ya Njombe huyazuia maji yasichemke kabisa.
B. Kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.
C. Kanieneo ya hewa ni kubwa, hivyo maji huhitaji joto zaidi ili yachemke.
D. Maji ya milimani huchemka kwa nyuzi 100 lakini hupoa upesi.

Jibu ni B. Angalia kwamba kila kipotoshi ni kosa ambalo mtu mwenye kufikiri anaweza kulifanya. Anayechagua A amechanganya baridi ya hewa na joto la maji. Anayechagua C amegeuza uhusiano wa kanieneo na kimo. Anayechagua D bado ameshikilia zile nyuzi 100. Mwalimu akihesabu waliochagua kila herufi, anajua la kufundisha kesho. Chimbuko jema la vipotoshi, kwa hiyo, ni makosa yanayopatikana katika madaftari ya wanafunzi wenyewe.

Maswali ya aina hii yalienea kwa sababu ya wingi wa watahiniwa. Jeshi la Marekani liliyatumia kuwapima askari zaidi ya milioni moja na nusu katika miaka ya 1917 na 1918. Kwetu Tanzania, fomu zinazosahihishwa kwa mashine zilianza kutumika katika mtihani wa darasa la saba mwaka 2012. Mashine haichoki wala haina upendeleo. Lakini haioni njia aliyopita mtoto katika kukokotoa hesabu. Huona tu kivuli cha penseli.

Njia hiyo yaweza kuonekana katika swali la kujieleza: “Mwenye hoteli wa Njombe anataka maharage yaive upesi. Mshauri, ukitoa sababu za kisayansi.” Hapa hapana herufi ya kuegemea. Mwanafunzi hana budi kukumbuka, kupanga hoja, na kuvuka kutoka kitabuni hadi jikoni: kwamba chungu kinachofungwa kisipitishe mvuke huongeza kanieneo ndani yake, na maji yakapata joto zaidi kabla ya kuchemka. Tatizo ni msahihishaji. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza jinsi walivyowapelekea walimu zaidi ya 100 nakala za majibu ya mwanafunzi mmoja ya jiometri. Alama walizotoa zilianzia 28 hadi 92. Na hiyo ilikuwa jiometri, somo lisilo na ushairi!

Dawa yake inajulikana. Mwongozo wa kusahihisha uandikwe pamoja na swali, si baada ya kuona majibu. Jina la mtahiniwa lifunikwe. Na swali la kwanza lisahihishwe kwa wanafunzi wote kabla ya kugusa la pili. Muda nao ni lazima uhesabiwe kwa unyofu. Darasa la watu 80, maswali manne, dakika nane kila jibu: ni karibu saa 43 za kazi. Mwalimu mwenye madarasa matatu hawezi, na kumlazimisha ni kumfundisha kutoa alama kwa kuangalia urefu wa jibu. Ni heri swali moja la kujieleza lililosahihishwa vema, likizungukwa na maswali mafupi, kuliko manne yaliyopitiwa juu juu.

Ujuzi wa mikono haupimwi kwa karatasi. Wapo wanafunzi wawezao kutaja hatua zote za kutumia themometa wasijue kuisoma ikiwa ndani ya maji. Anayetaka kujua kama mtu anaweza kupima, ampe kitu apime.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974, tumeonywa dhidi ya kuutukuza mtihani wa mwisho. Maonyo hayo hayakuwazuia wanafunzi kusoma kile wanachojua kitaulizwa, na walimu kukifundisha. Karatasi ikiuliza tarakimu 100 kila mwaka, darasa litafundishwa tarakimu 100, na themometa zitabaki kabatini.

Baada ya kusahihisha, swali lenyewe nalo lifanyiwe mtihani. Katika darasa la watu 45, chukua 12 waliopata alama za juu kabisa na 12 wa chini kabisa. Ikiwa swali la maharage limejibiwa sawa na 10 wa juu na 4 wa chini, tofauti ni 6. Gawanya kwa 12, upate 0.5. Swali hilo linatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua, na lihifadhiwe kwa mwaka mwingine. Ukipata karibu na sifuri, swali ni rahisi mno, gumu mno, au halieleweki. Ukipata namba hasi, wa chini wamewashinda wa juu: kagua kwanza mwongozo wako wa majibu, kisha uwaulize wale wa juu walisoma nini katika swali hilo.