Bei Huja Mwisho: Desturi za Wapenda Santuri wa Nairobi

Wageni wanaofika Kenyatta Market, Nairobi, kutafuta mashine ya santuri ya zamani huondoka na lalamiko lile lile: wauzaji hawasemi bei. Mtu kauliza swali moja, kaulizwa matano. Una santuri gani nyumbani? Zilikuwa za nani? Unakaa wapi? Wengine hudhani wanazungushwa, wengine kwamba wanapimwa mfuko. Hakuna tafsiri inayowaonea wazee wa santuri kama hii, kwa sababu maswali yale ndiyo msaada wenyewe.

Soko hilo linajulikana zaidi kwa nyama choma na wasusi. Katikati ya moshi na vibanda vya nywele, James Rugami ameuza santuri na mashine zake kwa miongo kadhaa, na wapenzi wa muziki wanamfahamu kama Real Vinyl Guru. Jamii ya wapenda santuri wa mji huu imekulia katika vibanda vya namna hiyo na katika karakana za mafundi wa redio. Ina adabu zake, na adabu ya kwanza ni kwamba mashine haichaguliwi kabla ya kujulikana itapiga nini.

Kwa mfano, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za enzi hizo huzunguka kwa kasi ya mizunguko 78 kwa dakika. Mifereji yake ni mipana, inataka sindano nene mara kadhaa kuliko ile ya santuri ndefu za miaka ya baadaye. Sasa mjukuu aliyerithi taarabu ya bibi yake anaingia dukani akitaka Technics SL-1200MK2, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwa madijei. Ni mashine imara, ilitoka 1979, lakini ina kasi mbili tu, 33 na 45. Urithi wake ungebaki kabatini. Mzee aliyeuliza "Zilikuwa za nani?" ameshamwokoa, atamwelekeza kwenye Garrard 301 ya Swindon, Uingereza, au Thorens TD 124 ya mwaka 1957, zenye kasi zote tatu. Mwenye benga na rumba za santuri ndogo ana haja nyingine. Nyimbo nyingi za hapa ziligawanywa pande mbili, hivyo atakuwa akiinuka kugeuza kila baada ya dakika chache. Huyo anahitaji mkono wa sindano unaoinuka na kushuka kwa ulaini.

Kisha huulizwa mashine imetoka nchi gani, na hapa ndipo ushauri wa mbali unapowaumiza watu wetu. Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Ndugu aliyeko ng'ambo hutuma mashine nzuri, mpokeaji hununua transfoma, akaamini kazi imekwisha. Transfoma hushusha volti, haigusi hezi. Mota nyingi za zamani hufuata hezi, kwa hiyo kasi ya 33 huanguka chini ya 28, na sauti ya Mbaraka Mwinshehe huwa nzito na kujikokota. Dawa ni kubadili puli ya mota. Mashine za Japani zinataka uangalifu zaidi, maana mashariki ya nchi hiyo hutumia hezi 50 na magharibi 60. Ile Technics, ambayo mota yake hujidhibiti kwa fuwele, haijali hezi, inahitaji volti sahihi tu. Mwandishi wa Chicago anayesifu mashine hasemi uongo, anaisifu kwa umeme wa kwao.

Baada ya hapo ndipo mashine huwashwa. Mnunuzi anayejua desturi huja na santuri yake mwenyewe, anayoifahamu kila pumzi ya mwimbaji, na wimbo ukianza hakuna anayezungumza. Ukiisha, sahani hung'olewa. Gurudumu la mpira likiachwa limebanwa miaka mingi huota ubapa na kutoa mngurumo. Grisi ikikauka ndani ya Dual ya Kijerumani, mkono hukwama. Sindano hutazamwa kwa lenzi, tena siku hizi kwa makini zaidi, kwani Shure waliacha kuzitengeneza mwaka 2018 na za kuiga zimejaa. Vichwa vya sindano vya zamani vya kristali, vilivyotumia chumvi ya Rochelle, haviwezi unyevu. Kilichokaa miaka Mombasa huenda kimekufa hata kama kinang'aa.

Muuzaji wa kuaminiwa hutaja kasoro hizo mnunuzi akiwa bado hajaziona. Akiona haifai, husema, "Hii si yako, mwanangu," na mauzo yanampita.

 

Kinachosikitisha ni kwamba desturi hii ya kuulizana na kukagua inakatwa njiani. Vijana wananunua vimashine vipya vya mfano wa sanduku, vyenye spika ndani, ambavyo vingi huikandamiza santuri kwa takriban gramu 5, wakati kichwa kizuri cha sumaku hutosheka na 2 au chini yake. Santuri ambazo hazitachapwa tena zinalika humo. Nao mafundi wanazeeka bila wanagenzi. Wateja wamechangia: wamezoea kukaa na mzee saa nzima, afungue, asikilize, aeleze, kisha waage na kwenda kununua kwingine bila kumwachia hata nauli. Ukaguzi ni kazi kama kazi nyingine na ulipwe, hata siku ambayo jibu la fundi ni kwamba mashine hiyo isinunuliwe.