Mashine Inayojibu Wateja Wakati Mwenye Duka Amelala

Asubuhi moja mwanamke mfanyabiashara alishuka kutoka katika teksi karibu na daraja la Katunguru, akiwa na ndoo mbili tupu na simu mkononi. Alikuwa ameondoka Bwera kabla ya mapambazuko. Katika simu ile mlikuwa na ujumbe uliomfikia saa nane ya usiku: "Karibu sana mteja wetu mpendwa. Ngege wapo, bei ni ile ile, njoo wakati wowote." Muuza samaki ambaye jina lake lilikuwa chini ya ujumbe huo ni mke wa askari polisi. Saa nane ya usiku alikuwa amelala na watoto wake, na asubuhi ile hakuwa na ngege hata mmoja, kwa maana mitumbwi ilirudi mitupu.

"Mama, simu yako ndiyo iliyoniita," alisema mgeni.

"Dada yangu, siyo mimi niliyeandika."

"Basi ni nani aliyeandika kwa jina lako?"

Mimi nilikuwa pale kwa kazi za ofisi, nikaombwa kuamua, jambo nisilolipenda. Mwisho muuza samaki alirudisha nusu ya nauli na kumpa mwenzake samaki wa chumvi wachache. Lakini swali la yule mgeni ndilo lililonifanya niwaandikieni, wasomaji wapenzi, hasa ninyi kina mama wa kambini mnaoendesha biashara ndogo ndogo wakati waume zenu wako kazini mbali.

Aliyeandika ni programu ambayo wataalamu huiita chatiboti, yaani mtambo wa kujibizana na watu kwa maandishi. Kijana mmoja wa mjini alikuwa amemwekea mama yule programu hiyo katika simu, akamwambia kwamba sasa duka lake halitafungwa kamwe. Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1966 mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, Joseph Weizenbaum, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Programu hiyo haikuelewa lolote. Iliyageuza tu maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Hata hivyo wapo walioiamini na kuieleza siri zao, na Weizenbaum mwenyewe alishangaa na kuhuzunika.

Mitambo ya siku hizi ni ya namna mbili, na yafaa mtu azitofautishe kabla ya kutoa fedha yake. Namna ya kwanza hufuata njia iliyochorwa. Kila mtumiaji wa simu ya MTN hapa Uganda anaijua tabia yake kutokana na namba *165#: bonyeza moja kutuma fedha, bonyeza mbili kwa jambo jingine. Hiyo haiwezi kusema ambalo haikufundishwa. Namna ya pili ni ile iliyopata sifa duniani baada ya ChatGPT kutolewa mwezi wa Novemba 2022. Mtambo huo umesomeshwa maandishi mengi mno, nao hutunga jibu kwa kukisia neno linaloelekea kufuata neno lililotangulia. Kwa hiyo husema kwa ufasaha na adabu hata usipokuwa na habari. Mitumbwi ya Mfereji wa Kazinga hauioni. Ukiulizwa kama samaki wapo, nao umewahi kusoma kwamba muuzaji mwema humkaribisha mteja, utasema wapo.

Makampuni makubwa yameitumia mitambo hii kwa miaka kadhaa. Mwaka 2018 benki ya UBA, yenye matawi hata Uganda, ilianzisha msaidizi aitwaye Leo (jina jema kwa Mswahili anayedai huduma bila kuambiwa arudi kesho), na Safaricom ya Kenya ikamleta Zuri. Faida yao ni dhahiri. Maelfu ya watu huuliza maswali yale yale, kama vile salio, ada na namba ya siri iliyosahauliwa, na mashine haichoki. Lakini makampuni hayo nayo huteleza. Mwezi wa Februari 2024 baraza moja la usuluhishi nchini Kanada liliiamuru Air Canada imlipe abiria fidia, kwa sababu chatiboti yake ilimweleza vibaya kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Kampuni ilijitetea kana kwamba mashine ile ilikuwa mtu wa pembeni anayejibu kwa nafsi yake. Baraza lilikataa. Ndiyo kusema yule mama wa Bwera, bila kusoma sheria, alikuwa na haki.

Je, mwenye genge la samaki, mshonaji wa sare au mpika chapati auache mtambo huu? Sioni hivyo. WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, hupatikana bila malipo, na ndani yake mna salamu ya kwanza, jibu la wakati usipokuwapo, majibu mafupi yaliyoandikwa tayari, na mahali pa kuweka picha za bidhaa na bei. Kwa biashara zetu nyingi hayo yanatosha, kwa kuwa kila neno umeliandika wewe. Liandike kwa lugha ya mteja wako. Wanunuzi wanaovuka mpaka wa Mpondwe huita samaki wa chumvi makayabo, na mashine iliyojifunza Kiswahili cha mbali yaweza isijue wanataka nini.

Kuhusu matangazo, usiwatumie watu ovyo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inataka mtu aridhie kwanza. Tena andika namba za wateja katika daftari. Januari 2021 Facebook ilipofungwa nchini, waliokuwa wameweka duka lao lote humo waliamka hawana njia ya kuwapata wateja wao.

Kwa familia za wanajeshi na polisi nina neno la ziada. Mtambo wa kujibu hauna habari kwamba kuna maswali yasiyojibiwa. Usiulishe mahali kikosi kilipo, zamu ya mume wako, wala siku atakayorudi, hata kama ni kwa kueleza tu kwa nini duka limefungwa. Na ujumbe wowote unaokuomba namba ya siri ya fedha za simu, uwe umeandikwa na mtu au mashine, ni wa mwizi.

Nilipopita tena Katunguru nilimwomba muuza samaki anionyeshe simu yake. Ile programu ya kijana ilikuwa imeondolewa. Jibu lake la usiku sasa linasema: "Nimelala. Mitumbwi hurudi asubuhi. Nitakupigia saa mbili, nikishaona samaki kwa macho yangu." Yule mama wa Bwera alikuwa amekuja tena Ijumaa iliyotangulia, akaondoka na ndoo zote mbili zimejaa. Ila alipiga simu kwanza.