Ndoa na Raia wa Ulaya Haiondoi Hitaji la Viza: Fahamu Utaratibu Kabla ya Safari

Na Mwandishi Wetu

Watanzania waliofunga ndoa na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanapaswa kufahamu kuwa cheti cha ndoa pekee si kibali cha kuingia Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania huhitaji viza hata anapoongozana na mwenza wake, na asipokuwa nayo anaweza kuzuiwa kupanda ndege ilhali tiketi zimekwisha kulipiwa.

Hata hivyo, ndoa hiyo humpa haki ambayo wasafiri wengine hawana. Agizo la Umoja wa Ulaya Na. 38 la mwaka 2004 linazitaka nchi wanachama kumpatia mwenza huyo viza bila ada na kwa utaratibu wa haraka. Waombaji wengine wenye umri wa miaka 12 na zaidi kwa kawaida hulipa Euro 90 kwa viza ya Schengen ya muda mfupi, kiwango kilichoanza kutumika Juni 11, 2024.

Haki hiyo ina masharti mawili. Kwanza, raia wa Ulaya awe anasafiri na mwenza wake, au awe tayari yuko huko anakokwenda. Pili, nchi hiyo isiwe nchi yake ya uraia. Kwa mfano, Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani hunufaika na Agizo hilo wanapokwenda Italia. Wanapokwenda Ujerumani, kwa kawaida hufuata sheria za Ujerumani yenyewe.

Katika maombi chini ya Agizo hilo, mambo ya msingi ya kuthibitisha ni matatu: utambulisho wa mwombaji kwa pasipoti halali, uhalali wa ndoa, na uraia wa mwenza pamoja na safari yake. Mwombaji hatakiwi kuonesha taarifa za benki, barua ya mwajiri wala nafasi ya hoteli. Kwa ndoa zilizofungwa Tanzania Bara, ni vyema kuhakikisha mapema kuwa ndoa imesajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Aidha, mwenye kadi ya ukaazi ya mwanafamilia iliyotolewa chini ya Agizo hilo hahitaji viza anaposafiri na mwenza wake kwenda nchi nyingine mwanachama.

Wananchi wazingatie pia kuwa Uingereza ilijitoa katika Umoja huo Januari 31, 2020, hivyo kuwa na mwenza Mwingereza hakuleti nafuu hiyo. Ireland ni mwanachama wa Umoja lakini haimo katika Eneo la Schengen, hivyo viza ya Schengen haimruhusu mtu kuingia huko.

Maombi yakikataliwa, mwombaji ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kukata rufaa. Kabla ya kununua tiketi, wasiliana na ubalozi wa nchi unayokwenda na ueleze tangu mwanzo kuwa unaomba kama mwenza wa raia wa Umoja wa Ulaya.